Ndoo Tatu, Lori Moja

Jumatatu, tarehe 21 Julai 2014, wakazi wa Bunju na Mbweni Mpiji, kule Kinondoni inakokaribia kupakana na Bagamoyo, walikusanyika kando ya korongo lililomwagwa mifuko ya plastiki. Polisi waliihesabu, ikafika 85. Ndani mlikuwa na mikono, miguu, vichwa na mabaki mengine ya binadamu. Uvumi wa mauaji ulitangulia mbele ya habari yenyewe. Kisha Suleiman Kova, aliyekuwa Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, akatangaza kwamba watu wanane wanashikiliwa, na kwamba viungo vile vinahusishwa na chuo kikuu binafsi cha udaktari cha IMTU, ambako vilikuwa vikitumika kufundishia wanafunzi.

Muuaji hakuwepo. Watu walikuwa wamekodolea macho taka: mabaki ya darasa la anatomia ambayo yalipaswa kuzikwa kwa heshima au kuteketezwa kwa utaratibu, yakaishia kwenye korongo. Hasira za siku ile zilielekezwa kwenye unyama wa tendo, na zilistahili. Lakini lipo swali la kiutawala ambalo halikupewa uzito uliostahili. Mzigo wa mifuko 85 ulitoka mahali fulani, ukapakiwa kwenye gari, ukapita barabarani, na njia nzima hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza: huu ni mzigo gani, una uzito gani, unakwenda wapi na nani ataupokea?

Swali hilo ndilo kiini cha suala zima la taka za vituo vya afya katika jiji hili, hasa pembezoni mwake: Bunju, Tegeta na Mabwepande upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi, Charambe na Toangoma upande wa Temeke. Ndani ya majengo tumepiga hatua ya kuonekana kwa macho. Kinachotushinda kinaanzia mlango wa nyuma.

Tuanze na hatua hiyo, kwa sababu ni haki kuisema. Miaka ya tisini sindano za kuchemshwa na kurudiwa zilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba hadi mwisho wa 2003 chanjo zote ziwe zinatolewa kwa sindano zinazojifunga zenyewe zikishatumika mara moja. Pamoja na sindano hizo likaja boksi la usalama, lile kasha gumu la karatasi lenye rangi ya njano ambalo wauguzi wengi huliita sefti boksi. Leo ukiingia zahanati iliyosajiliwa Tandika au Kawe utalikuta mezani au pembeni ya kitanda cha kuchomea sindano. Utakuta na ndoo tatu: nyeusi au ya bluu kwa taka za kawaida, njano kwa taka zenye maambukizi kama pamba na bandeji zenye damu, nyekundu kwa zile zenye maambukizi makali pamoja na vipande vya mwili. Ukutani pana bango la kuelekeza. Muuguzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakueleza kwamba boksi la usalama halijazwi kupita robo tatu, na kwamba sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake.

Utaratibu wa ndoo una mantiki rahisi na ya fedha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kama asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida, sawa na za nyumbani: karatasi, maganda ya ndizi ya wagonjwa, makasha ya dawa, mabaki ya chakula. Asilimia 15 tu ndiyo hatari, iwe kwa vijidudu, kwa kemikali au kwa mionzi. Katika nchi za kipato cha chini sehemu hiyo ya hatari hukadiriwa kuwa kama kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku. Si mzigo mkubwa. Hospitali ya vitanda 200 ingekuwa na kilo 40 hivi kwa siku, mzigo unaobebeka kwenye guta moja. Ila ukichanganya, zile kilo 40 zinaambukiza mzigo wote uliobaki, na sasa yote ni taka hatarishi.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Muuguzi wa zamu anatenganisha asubuhi hadi jioni. Jioni mhudumu wa usafi anafunga mifuko mitatu ya rangi tatu na kuipeleka nyuma ya jengo. Kinachotokea baada ya hapo kinategemea kituo ni cha nani, kiko wapi na kina nini nyuma. Kama kichomea taka kimeharibika, au dizeli imekwisha, au shimo limejaa maji, mifuko yote mitatu inasubiri lori lile lile la manispaa au la mkandarasi wa taka wa mtaa. Kazi ya siku nzima inafutika kwa mkupuo mmoja wa koleo.

Kichomea taka kimekuwa jibu la Tanzania kwa muda mrefu, na ni jibu la kurithi. Vingi vilivyojengwa kwenye vituo vya Afrika Mashariki ni vya matofali, vyenye vyumba viwili na dohani, vikifuata mchoro uliobuniwa Chuo Kikuu cha De Montfort cha Leicester, Uingereza. Mchoro wenyewe ulikuwa wa busara: fundi wa kawaida wa matofali anaweza kuujenga, na gharama haizidi uwezo wa kituo cha wilaya. Ila una masharti. Chumba cha pili lazima kifike nyuzi joto 850 au zaidi, na moshi ukae humo walau sekunde mbili kabla ya kutoka. Ili kufika hapo unatanguliza kuni au mafuta mpaka tanuri likolee, ndipo unaingiza taka kidogo kidogo, tena kavu. Mwendeshaji awe amefunzwa, awe na glavu nzito, miwani, barakoa na mabuti.

Sasa chukua kituo chenye shughuli nyingi, bajeti ya kuni isiyo na uhakika, na mwendeshaji ambaye ni mlinzi au mtunza bustani aliyeongezewa kazi. Atawasha tanuri likiwa baridi, ataingiza mifuko yote kwa pamoja, na masika atachoma taka zilizonyeshewa. Moto hautafika popote karibu na nyuzi 850. Plastiki za mirija ya dripu na mifuko ya damu, nyingi zikiwa za aina ya PVC yenye klorini, zitatoa dioksini na furani, sumu zinazokaa mwilini na kwenye mazingira miaka mingi. Hizi ni sumu zilizoandikwa kwa majina katika Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia 2004. Kwenye majivu utakuta sindano zimebaki kama zilivyoingia, nyeusi tu, bado zina ncha. Na pipa la chuma la kuchomea, ambalo zahanati ndogo hulitumia inapokosa tanuri, ni baya zaidi kwa kila kipimo.

Ongeza sura ya mji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kituo kilichojengwa miaka thelathini iliyopita kando ya shamba la mikorosho leo kimezungukwa na nyumba za kupanga, na dohani lililotosha zamani sasa linapumulia dirishani kwa jirani wa ghorofa moja. Jirani anakwenda kulalamika kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji anamwita bwana afya, bwana afya anakiambia kituo kichome usiku. Moshi ni ule ule, ila usiku hakuna anayeuona.

Vituo binafsi vina shida ya aina yake. Zahanati nyingi za pembezoni ziko ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia: sebule ndiyo mapokezi, chumba cha watoto ndiyo maabara, stoo ndiyo chumba cha sindano. Nyuma pana karo, kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani. Mwongozo unapomtaka mwenye zahanati hiyo awe na kichomea taka na shimo lililojengewa kwa zege, anachoweza kufanya ni kimoja kati ya viwili: kujenga kitu cha kumwonyesha mkaguzi, au kuandikiana mkataba na hospitali kubwa kwamba itampokelea. Mkataba huo mara nyingine ni wa kweli. Mara nyingine ni karatasi kwenye faili, na boksi la usalama linaondoka na takataka za jikoni. Sisemi wenye zahanati ni watu wabaya. Nasema tumewadai kitu ambacho kiwanja hakina nafasi yake.

Tukija kwenye kondo la nyuma, tunakutana na udongo wa Dar es Salaam wenyewe. Kondo moja lina uzito wa karibu nusu kilo. Kituo kinachozalisha akina mama kila siku, kama ilivyo Mwananyamala, Temeke au Mbagala Rangi Tatu, hakiwezi kulichukulia kama pamba. Haliungui vizuri kwa sababu ni nyama na maji. Mila za jamii nyingi nchini hulizika, na kwa bahati nzuri sayansi inakubaliana nazo: shimo la kondo lenye mfuniko mzito, bomba la hewa na kuta zilizojengewa huliacha lioze lenyewe kwa usalama. Sharti kuu ni kwamba sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita mbili hivi. Katika sehemu nyingi za mwambao wetu maji yako karibu sana. Temeke ina mito ya Kizinga na Mzinga na mabonde yake. Kinondoni ina Tegeta, Mbezi na Mpiji. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, shimo lililochimbwa kiangazi linajaa kutoka chini. Na mtaa wa pili kuna kisima kifupi ambacho watu wanachotea maji ya kufulia, na wengine ya kunywa. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015, kikianzia Kinondoni na baadaye kusambaa nchini, kilitukumbusha jinsi maji ya ardhini na ya vyooni yanavyokaribiana hapa. Sina msingi wa kudai kwamba mashimo ya vituo vya afya yalihusika, na sidai. Nadai kwamba udongo ule ule hauwezi kupewa shimo la kondo kwa vipimo vya ardhi kavu ya Dodoma.

Taka zikishatoka kituoni zinaingia kwenye historia ndefu zaidi, ya jiji linalosukuma uchafu wake nje kila linapopanuka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi, harufu na nzi wa dampo lililowekwa kati ya nyumba zao. Walishinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuendelea kubembeleza, akishikilia haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Jiji likahamishia malori Kunduchi Mtongani, Kinondoni. Mwaka huo huo Festo Balegele na mamia ya wenzake wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni kule Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji.

Kesi hizo mbili husomeshwa vyuoni kama ushindi wa haki ya mazingira, na ni ushindi kweli. Ila kwa anayefuatilia taka za hospitali zina somo la pili. Kila dampo lililofungwa liliongeza urefu wa safari. Lori linalotoka Bunju kwenda Pugu linavuka jiji zima, kwenye foleni, kwa dizeli ya kununua. Mkandarasi anayelipwa kwa tripu ana kila sababu ya kutafuta korongo la karibu. Ukiitazama ramani kwa jicho hilo, mifuko ya Mbweni Mpiji haikutupwa mbali na njia. Ilitupwa pale ambapo hesabu ya mafuta ingemwelekeza mtu yeyote asiyesimamiwa.

Huko Pugu wanasubiri waokota taka. Wanachambua kwa mikono au kwa chuma kilichopindwa, wengi wakiwa wamevaa kandambili, wakitafuta chupa, vyuma na plastiki ngumu zinazouzwa kwa kilo. Bomba la sindano ni plastiki nzuri. Chupa ya dripu ni plastiki nzuri. Sindano iliyofichwa ndani ya mfuko mweusi haina bango la kumwonya. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina B, hatari ya kuambukizwa inaweza kufikia 30 kwa kila 100. Kwa homa ya ini aina C ni kama 2 kwa 100, na kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 kwa 1,000. Mara nyingi tunaogopa UKIMWI na kuisahau homa ya ini, ambayo ndiyo inayoambukiza kwa wepesi zaidi na ambayo chanjo yake ipo. Muuguzi akichomwa anajua kwamba ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi, na anajua mlango wa kugonga. Mwokota taka atajifunga kitambaa aendelee na kazi.

Kati yao wawili yupo mtu wa tatu ambaye mikutano mingi humsahau: mhudumu wa usafi. Katika hospitali nyingi kazi yake imekabidhiwa kampuni. Yeye si mwajiriwa wa hospitali, hahesabiki kwenye mafunzo ya watumishi, mkataba wake ni mfupi, na anaweza kubadilishwa kabla hajamaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini. Ndiye anayebeba mfuko mwekundu begani. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kifungu kimoja tu kwenye zabuni za usafi za hospitali zetu, ningeandika hivi: hakuna malipo ya mwezi kwa kampuni mpaka ionyeshe kadi ya chanjo ya kila aliyefanya kazi mwezi huo.

Hatari ya soko la vifaa vilivyotumika si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2009 mji wa Modasa, jimbo la Gujarat nchini India, ulikumbwa na mlipuko wa homa ya ini aina B ulioua makumi ya watu, na uchunguzi ukafika kwa sindano zilizotumika tena. Msako uliofuata ulifichua biashara ya kukusanya sindano kwenye taka na kuziuza upya. Kwetu sindano mpya ni rahisi na zinapatikana kila duka la dawa, na hiyo ni kinga kubwa kuliko bango lolote. Lakini wapo wanaochangia sindano kwa ufukara na uraibu. Kwa ajili yao kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili 2011 na Mwananyamala ikafuata. Temeke nako shirika la Médecins du Monde liliwahi kuendesha huduma ya kuwabadilishia wajidungaji sindano chafu kwa safi. Wapo pia wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini nyumbani kila siku. Kliniki inawafundisha kipimo, saa na chakula. Sindano ikishatumika huishia kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa mwangalifu, na kwenye ndoo ya jikoni kwa wengine. Hili ni jambo dogo la kurekebisha: kila kliniki ya kisukari iwe na boksi la kupokea. Naliacha hapo.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, na kanuni za taka hatarishi zilitolewa 2009 na kuandikwa upya 2019. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliacha mlango wazi kwa vifungashio vya huduma za afya, ili ndoo zisikose mifuko ya rangi. Tatizo ni wingi wa macho yasiyotazama sehemu moja. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inasimamia taka hatarishi na vibali vya wanaozisafirisha. Wizara ya Afya inaandika miongozo. TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ndiyo yenye hospitali za halmashauri na zahanati za serikali. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasimamia uteketezaji wa dawa zilizoisha muda. Mkemia Mkuu wa Serikali ana kemikali, Tume ya Nguvu za Atomiki ina mionzi, OSHA ina usalama wa mfanyakazi, Bodi ya Maabara Binafsi ina maabara, Baraza la Famasi lina maduka ya dawa. Zahanati moja ya Mbagala yenye maabara na dirisha la dawa inaweza kutembelewa na wengi wa hao ndani ya mwaka. Kila mmoja anaangalia ndoo. Ni nani anayeifuata ndoo ikitoka?

Tathmini ya nyota ya vituo vya afya iliyofanyika kuanzia 2015 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ilionyesha hali kwa ujumla: vituo vingi nchini viliambulia nyota moja au hata sifuri, na vichache sana vikafika tatu. Zoezi lilikuwa zuri kwa sababu lilimlazimisha mganga mfawidhi kujitazama. Ila nyota hutolewa kwa yaliyomo ndani ya uzio.

Nini kifanyike, basi? Nianze na kisichofaa: kuendelea kudai kila kituo kiwe na tanuri lake. Mawazo ya kila mmoja kuchoma chake yalifaa wakati vituo vilikuwa vichache na vimetawanyika, na bado yanafaa kwa zahanati ya kijijini iliyo mbali na barabara. Kwa Kinondoni na Temeke hayafai. Hapa vituo vimesongamana, barabara za lami zipo, hospitali za rufaa za mkoa zipo. Kinachotakiwa ni huduma ya pamoja: gari maalumu lililofungwa, linalopita kwa ratiba, linapima uzito kila linapopakia, linaacha stakabadhi, linashusha mahali pamoja penye mashine inayofanya kazi.

India imefanya hivi kwa zaidi ya miongo miwili. Kanuni zake za taka za tiba za 1998, zilizoandikwa upya 2016, zimejenga mtandao wa vituo vya pamoja vya kutibu taka, kila kimoja kikihudumia hospitali na zahanati ndani ya eneo la kilomita 75, kwa malipo. Mahali penye kituo cha pamoja ndani ya umbali huo, hospitali hairuhusiwi kujijengea mtambo wake wa kutibu taka. Haijamaliza matatizo yote, kama Modasa ilivyoonyesha, lakini inajulikana nani alipokea nini.

Mashine yenyewe si lazima iwe ya moto. Otoklevu, yaani chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi 121 au zaidi, inatibu sindano, bandeji, mirija na glavu bila moshi. Na hili wengi hawalijui: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kimataifa wa GEF na UNDP uliokuwa na kazi maalumu ya kubuni otoklevu za bei nafuu zinazoweza kutengenezwa hapa hapa. Baadaye Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, zilizoingia kwenye mradi wa kupunguza sumu za kuchoma taka na zebaki katika huduma za afya. Ujuzi upo Mlimani, kwenye chuo hicho. Wataalamu kama Profesa Jamidu Katima na Profesa Samwel Manyele, ambaye baadaye alikuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, wamekuwa wakiandika juu ya taka na sumu hizi tangu miaka ya 2000. Hatuanzi kutoka sifuri.

Kuna faida nyingine ya mvuke. Plastiki iliyopitia otoklevu ni malighafi. Hospitali ya Bir, Kathmandu, nchini Nepal, ilianza kuuza plastiki na glasi zake baada ya kuzitibu, na kurudisha sehemu ya gharama. Hapa kwetu manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masoko. Kiwanda hicho ni ushahidi kwamba manispaa inaweza kumiliki mtambo na kuuendesha. Vilevile ni sababu ya ziada ya kuhakikisha sindano haichanganyiki na maganda, kwa maana mboji yenye sindano moja ni mboji isiyouzika.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Umeme unakatika. Kweli, na tanuri nalo linakosa dizeli. Kituo kimoja kikubwa kinaweza kumudu jenereta ambayo zahanati ishirini haziwezi. Otoklevu haifai kwa kondo, kwa viungo vilivyokatwa, wala kwa dawa za saratani. Kweli pia, kwa hiyo kondo lipate mashimo yaliyoinuliwa na kujengewa au matangi ya kuozesha, na tanuri moja zuri la joto la juu libaki kwa vichache visivyo na njia nyingine, likiwa mbali na nyumba za watu. Kusafirisha taka hatarishi barabarani ni hatari. Ndiyo, ila zinasafirishwa hata sasa, kwenye malori ya wazi, bila jina.

Hoja ngumu ni ya malipo. Zahanati ya serikali haina fungu la taka linaloeleweka. Fedha zikipungua, dawa hutangulia na taka hufuata mwisho. Zahanati binafsi itaona ada mpya na kuikwepa. Ninaona njia moja. Gharama ya kuteketeza sindano iwe sehemu ya bei ya kuichoma, iingizwe kwenye viwango vya malipo ya bima, hasa sasa ambapo nchi imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Anayepokea malipo ya huduma apokee na sehemu ya taka, na sehemu hiyo ikatwe moja kwa moja kwenda kwa anayekusanya. Kituo kikishakatwa fedha hakitakuwa na sababu ya kutupa; kitaidai huduma yake gari lisipofika.

Na kazi ya ukaguzi ibadilike. Mkaguzi apunguze muda wa kutazama ndoo, aongeze muda wa kusoma stakabadhi. Zahanati inayohudumia wagonjwa mia kwa siku haiwezi kuwa na kilo mbili za taka hatarishi kwa mwezi mzima; karatasi zikisema hivyo, zilizobaki zimekwenda wapi? Hesabu ya namna hiyo inafanyika mezani, kwa kalamu, bila mashine ya kigeni. Ingefanyika mwaka 2014, chuo chenye maabara ya anatomia kingetakiwa kuonyesha mazishi au uteketezaji wa kila mwili kiliopokea, na kukosekana kwa karatasi kungeonekana kabla mtu hajapakia mifuko kwenye gari.

Manispaa za Kinondoni na Temeke zina hospitali za rufaa, zina mipaka inayojulikana na zina orodha ya kila kituo kilichosajiliwa. Zianze na gari moja na otoklevu moja kila manispaa, kisha ziweke sharti lisilo na mjadala: kituo kisichoweza kuonyesha taka zake za mwaka uliopita ziliishia wapi, kiwe cha serikali, cha dini au cha mtu binafsi, leseni yake isihuishwe.